Omo na Tezi: Dhana ya Mbele katika Istilahi za Ubao wa Theluji

IKISIRI

Makala haya yanajadili namna ya kuunda istilahi za Kiswahili kwa ajili ya aina moja ya ubao wa kutelezea kwenye theluji, yaani ubao ambao mbele yake na nyuma yake havilingani, na ambao hutumika kwenye theluji iliyoshindiliwa na pia kwenye theluji laini yenye kina. Tunadai kwamba tafsiri ya neno kwa neno huificha dhana muhimu ya chombo hiki, na kwamba jozi ya maneno ya kibaharia, omo na tezi, huieleza dhana hiyo kwa usahihi zaidi. Aidha, tunaonyesha mipaka ya kupanua maana za maneno ya baharini.

1.0 Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida la Kiswahili likishughulikia chombo cha nchi za baridi. Hata hivyo, Waswahili wana neno theluji, lenye asili ya Kiarabu, na wanalitumia wanapozungumzia kilele cha Kilimanjaro. Isitoshe, wanamichezo kutoka Afrika Mashariki wamekwisha kuingia katika michezo ya theluji. Philip Boit wa Kenya alishindana katika mbio za skii kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998, na Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika skii za milimani huko Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Anayetaka kuieleza michezo hii kwa Kiswahili anahitaji istilahi. Mtangazaji anaweza kujisaidia kwa maelezo marefu, lakini mfasiri wa kitabu cha mafunzo hana nafasi hiyo.

Chanzo cha makala haya ni zoezi la semina ya uzamili. Wanafunzi walipewa aya moja ya Kiingereza inayoueleza ubao wa aina hii, nao wakatakiwa waitafsiri. Mmoja wao aliandika kwamba ubao huo "unafaa kwa kuchonga na kwa poda". Kila neno katika tafsiri hiyo lina mshirika wake katika matini chanzi, lakini msomaji wa Kiswahili atadhani kwamba anaelezwa habari za fundi seremala na za vipodozi. Mjadala uliofuata ulitufikisha kwenye swali la msingi: je, istilahi huundwa kutokana na neno la lugha chanzi, au kutokana na dhana? Eugen Wüster (1898-1977), mwasisi wa nadharia ya jumla ya istilahi, alishikilia kwamba kazi ya istilahi huanza na dhana. Tutafuata msimamo huo. Kwa hiyo tuanze na chombo chenyewe.

2.0 Chombo na Utendaji Wake

2.1 Asili

Mnamo Desemba 1965, katika mji wa Muskegon, jimbo la Michigan, Marekani, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili ili watoto wake wateleze juu yake wakiwa wamesimama. Mkewe, Nancy, aliunda jina Snurfer kwa kuchanganya neno la theluji na neno la kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Ubao huo ulikuwa na kamba iliyofungwa kwenye ncha ya mbele. Katika miaka ya 1970, Dimitrije Milovich wa kampuni ya Winterstick huko Utah alitengeneza mbao za theluji kwa kufuata mbao za mawimbini, baadhi zikiwa na nyuma iliyogawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Mwaka 1977 Jake Burton Carpenter alianzisha kampuni yake huko Vermont. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 1998, huko Nagano.

Historia hii ina mambo mawili yanayohusu hoja yetu. Kwanza, chombo hiki kilipewa jina kwa kufananishwa na chombo cha baharini tangu mwanzo. Pili, mbao za awali zilikuwa na mbele na nyuma zilizo tofauti. Ubao wenye ncha mbili zinazolingana ulipata nguvu baadaye, wachezaji walipopenda kuruka, kuzunguka hewani na kutua wakielekea upande wowote.

2.2 Umbo na kazi

Ubao wa kawaida wa mtu mzima huwa na urefu wa takriban sentimita 150 hadi 165. Kiini chake ni cha mti, nacho hufunikwa juu na chini kwa matabaka ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Sehemu ya chini kabisa ni plastiki inayoteleza, na pembeni umezungushiwa utepe wa chuma cha pua. Mtelezaji husimama kiubavu, mguu mmoja ukitangulia, huku viatu vyake vimefungwa kwenye vifungo vilivyokazwa kwa skrubu.

Kwenye theluji iliyoshindiliwa, kazi kubwa hufanywa na ubavu. Ubavu haukunyooka, bali umebonyea kuelekea katikati kama kipande cha duara. Mtelezaji anapouinamisha ubao, chuma cha upande mmoja huingia kwenye theluji, na ubao hupinda ukafuata mviringo. Kadiri unavyoinamishwa zaidi, ndivyo mviringo unavyokuwa mdogo. Kwa makadirio, nusukipenyo cha mviringo ni sawa na nusukipenyo cha mbonyeo wa ubavu kikizidishwa kwa kosini ya pembe ya mwinamo. Hivyo ubao wenye mbonyeo wa nusukipenyo cha meta 8, ukiinamishwa kwa nyuzi 60, utazunguka katika mviringo wa nusukipenyo cha meta 4 hivi. Ukifuata mviringo huo barabara, utaacha mstari mmoja mwembamba. Ukiserereka kiubavu, utaacha ufagio mpana. Tofauti ya alama hizi mbili ndiyo dhana inayobebwa na neno la Kiingereza ambalo mwanafunzi wetu alilitafsiri kuwa kuchonga.

Kwenye theluji laini yenye kina hali ni nyingine. Hapo hakuna sakafu ngumu ya kukatwa; ubao huelea kwa kuisukuma na kuigandamiza theluji unapokwenda. Ncha ya mbele ikizama, theluji hulundikana juu yake na mtelezaji hupinduka. Kwenye ubao wenye ncha zinazolingana, mtelezaji huizuia hatari hiyo kwa kuegemea mguu wa nyuma, na mguu huo huchoka upesi. Ubao tunaouzungumzia hupunguza taabu hiyo kwa njia tatu. Mbele huwa pana kuliko nyuma, pengine kwa milimita kadhaa tu, ili nyuma izame na mbele ipande. Nafasi ya miguu husogezwa nyuma kidogo ya katikati. Tena ncha ya mbele huwa ndefu zaidi na hubinuka mapema.

Ubao huohuo, ili ushike vizuri kwenye theluji ngumu, hupewa tao chini ya miguu: ukiwekwa sakafuni bila uzito, sehemu hiyo huinuka kidogo. Mtelezaji anaposimama, tao hulala na kueneza mkandamizo kwenye urefu wa chuma. Kwa hiyo ubao unaofaa pande zote mbili ni mapatano: mbele umeumbwa kwa ajili ya kuelea, katikati na nyuma kwa ajili ya kushika. Mtu asiyeweza kutaja mbele na nyuma ya chombo hiki bila utata hawezi kueleza mapatano hayo.

3.0 Tatizo la Mbele na Nyuma

Maneno mbele na nyuma yana utata unaojulikana katika semantiki. Yanaweza kurejelea upande wa kudumu wa kitu, kama mbele ya nyumba, au upande unaotegemea mwendo au mahali aliposimama msemaji, kama mbele ya mti. Ubao wetu una mbele ya kudumu, iliyotiwa na mtengenezaji. Lakini mtelezaji anaweza kugeuka akashuka kinyumenyume. Hapo tutalazimika kusema:

(1) Nyuma ya ubao iko mbele.

Sentensi (1) inaweza kutafsirika, lakini humtaka msikilizaji abadilishe maana katikati ya njia. Katika mwongozo unaohusu usalama, utata wa namna hii haufai. Linganisha na:

(2) Tezi ya ubao iko mbele.

Sentensi (2) haina mgongano wowote. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo na tezi ni sehemu ya nyuma, na maneno haya hayategemei mwendo. Jahazi likirudishwa kinyume na mkondo, omo yake inabaki kuwa omo. Lugha yetu ilikwisha kulitatua tatizo hili, kwa sababu mabaharia walilihitaji jibu lake.

Wanafunzi wengi walipendekeza pua na mkia, kwa kufuata Kiingereza na kwa mfano wa ndege. Pendekezo hilo si baya, kwani nayo ni majina ya sehemu za kudumu. Hata hivyo, omo na tezi yanayazidi kwa sababu tatu. Kwanza, pua ni ncha inayochomoza, ilhali tunachohitaji kukitaja ni eneo zima la mbele pamoja na upana wake. Pili, omo na tezi hutumika moja kwa moja kama mahali, bila kiambishi: kukaa omo, kwenda tezi. Kwa hiyo twaweza kusema "miguu imesogezwa tezi" kwa ufupi na bila kuchekesha. Tatu, jozi hii inaweza kuzalisha istilahi za aina za mbao, kama tutakavyoona.

4.0 Istilahi Zinazopendekezwa

4.1 Aina za ubao

Tafsiri sisisi ya jina la ubao wetu ingekuwa ubao wa mwelekeo. Jina hili halielezi lolote, kwa kuwa kila ubao unaoshuka mlima una mwelekeo. Ubao elekezi ni kosa, maana elekezi ni kile kinachomwelekeza mwingine. Vivyo hivyo, ubao pacha kwa aina ya pili huleta picha ya mbao mbili. Tunapendekeza:

(3) a. ubao wa omo moja: ubao ambao mbele na nyuma havilingani
    b. ubao wa omo mbili: ubao ambao ncha zote mbili zinalingana

Jozi (3) inaeleweka kwa kulinganisha tu. Katika (3b), ncha itakayokuwa mbele huamuliwa na mwendo. Katika (3a) imekwisha kuamuliwa.

4.2 Sehemu na sifa

(4) a. makali: utepe wa chuma wa pembeni
    b. mbonyeo wa ubavu: mpindo wa ubavu kuelekea ndani
    c. kiuno: mahali ubao ulipo mwembamba zaidi
    d. tao: mwinuko wa ubao chini ya miguu
    e. mbinuko wa omo: kuinuka kwa ncha ya mbele
    f. mpunguo wa tezi: tofauti ya upana baina ya omo na tezi

Tumechagua makali badala ya ukingo kwa sababu ukingo ni mpaka tu, ilhali sehemu hii hunolewa na hukata.

4.3 Theluji na mwendo

Kwa theluji laini, unga na poda yana maana nyingine zilizokwisha kukita mizizi. Mkulima anao msamiati bora: udongo usioshikana huitwa tifutifu, na ardhi iliyogandamizwa ni iliyoshindiliwa. Hivyo tunapata theluji tifutifu na theluji iliyoshindiliwa. Kwa mwendo, dereva husema kukata kona. Tunapendekeza kukata kwa makali kwa mwendo unaoacha mstari mmoja, na kuserereka kiubavu kwa ule unaoacha ufagio. Aya iliyotushinda semina sasa yaweza kusomeka hivi:

(5) Ubao huu wa omo moja unafaa kwa kukata kwa makali kwenye theluji iliyoshindiliwa na kwa kuelea kwenye theluji tifutifu.

5.0 Mipaka ya Msamiati wa Baharini

Yatupasa tusivutwe na uzuri wa mfanano. Mwanafunzi mmoja alitaka kuita mwendo wa kupindapinda kushuka mlima kubisha, kwa kuwa chombo kinachobisha nacho hupinda huku na huku. Tulikataa. Kubisha ni kwenda dhidi ya upepo. Sababu yake ni upepo, na lengo lake ni kufika kule upepo unakotoka. Mtelezaji huvutwa na uzito wake, naye hupinda ili aumiliki mwendo. Umbo la njia linafanana, lakini dhana hazifanani. Vilevile hatukuchukua mkuku, kwa kuwa ubao huu hauna sehemu inayofanya kazi hiyo.

Pingamizi lingine ni kwamba wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa wa bara, hawayajui maneno omo na tezi, na kwamba wengi wao wanaijua tezi ya daktari pekee. Pingamizi hili ni la kweli. Lakini homonimu hutenganishwa na muktadha, na istilahi ya fani yoyote hufunzwa pamoja na fani yenyewe. Wazee walisema, ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wanafunzi wetu wengi waliikariri methali hii shuleni bila kuweza kuonyesha tezi iko wapi. Neno lililobakia katika methali tu halina kazi, na neno lisilo na kazi halikawii kusahauliwa.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ubao wa theluji wa omo moja hutofautiana na wenzake kwa sababu mbele yake ni ya kudumu, na kwamba sifa zake zote, yaani upana wa omo, mpunguo wa tezi, nafasi ya miguu na tao, huelezwa kwa kurejelea jambo hilo. Tumeona pia kwamba Kiswahili kina jozi ya maneno inayoibeba dhana hiyo bila utata. Mapendekezo haya si sheria. Yanahitaji kujaribiwa na watumiaji, na vyombo vinavyohusika na usanifishaji, kama vile BAKITA, vina haki ya kuyakubali au kuyakataa. Tunalosisitiza ni utaratibu: mwanaistilahi akichunguze kwanza chombo na kazi yake, kisha aulize ni mabaharia, wakulima au madereva gani wa Kiswahili waliokwisha kukutana na dhana kama hiyo, na mwisho kabisa ndipo afungue kamusi ya Kiingereza.