Wifi, Kuku na Nyaya za Umeme

Siku moja nilipotembelea shule fulani, mwanafunzi wa kidato cha pili alinifuata pembeni. "Dada, wifi yangu ni mjamzito. Nyuma ya nyumba zimepita nyaya za umeme mkubwa. Majirani wanasema mtoto atazaliwa na kasoro. Ni kweli?"

Swali zuri! Tusikimbilie kujibu. Kwanza tuone wanasayansi walifanyaje.

Umeme unapopita kwenye waya, nguvu ya sumaku hutokea kuuzunguka. Kwenye fizikia tunaiita uga sumaku. Mwaka 1982 watafiti wa Hispania waliripoti kuwa viinitete vya kuku, yaani vifaranga vinavyoanza kuumbika ndani ya yai, vilipata kasoro vilipowekwa kwenye sumaku hafifu ya kuwaka na kuzima. Watu wakaingiwa na hofu.

Lakini jaribio moja halitoshi. Maabara 6 za Kanada, Hispania, Sweden na Marekani zikafanya jaribio la aina hiyo kwa vifaa vinavyofanana. Kila maabara ilikuwa na mashine 2 za kutotolea vifaranga. Mayai 10 huku, 10 kule, kwa saa 48. Mashine moja iliwashwa sumaku, nyingine haikuwashwa. Walirudia mara 10, huku mashine zikipokezana zamu. Waliokagua mayai hawakujua yametoka mashine ipi. Kwa nini? Ili wasije wakaona kile walichotaka kukiona.

Matokeo yalitoka mwaka 1990. Kwenye sumaku, kama viinitete 25 kati ya 100 vilikuwa na kasoro. Bila sumaku, kama 19. Umeona? Kasoro zilikuwepo hata pasipo sumaku! Tena maabara hazikulingana: tofauti ilikuwa wazi kwenye 2 tu kati ya 6.

Sasa, yai la kuku si tumbo la mama. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipitia tafiti nyingi za wanyama na za watu, likasema ushahidi kwamba sumaku ya namna hii inadhuru mimba hautoshi. Hiyo haina maana kwamba imethibitishwa haina madhara yoyote. Ila majirani hawana msingi wa kumhukumu mtoto ambaye hajazaliwa, na mtoto akizaliwa na kasoro, mama asilaumiwe kwa sababu ya nyumba anayoishi.

Basi mwambie wifi awahi kliniki, ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa, aache pombe na sigara. Hayo faida yake inajulikana. Na waya wa umeme ukianguka, msiusogelee kabisa. Huo unaua, halina ubishi.

Jadilianeni darasani:
1. Kwa nini mayai yasiyopata sumaku yalihitajika?
2. Ukisikia "utafiti umeonyesha", utauliza maswali gani?