Neno "Creep" Lisitugombanishe



Barua na ripoti nyingi zinazofika kwa vikundi vyetu huandikwa kwa Kiingereza, na neno moja dogo laweza kuleta maneno makubwa. Leo tuchukue "creep". Hutamkwa "kriip". Jambo likiwa limekwisha kupita, husemwa "crept".

Maana yake ya kwanza ni kwenda pole pole, mwili ukiwa chini, bila kelele. Paka anapomwendea panya, ndiyo hiyo. Mwizi akiingia bomani usiku wa manane, pia ndiyo hiyo. Kwa Kiswahili tunasema kunyata au kunyemelea. Lakini mmea unaotambaa ukutani nao Mwingereza huuita "creeper", na hakuna aliyeiba kitu! Hapo ndipo tuwe macho. "Creep" peke yake haimaanishi wizi. Inasema tu kwamba kitu kimesogea taratibu hata watu wasitambue. Neno lenye nia ya kujificha ni jingine, "sneak".

Tumeona kikundi kimoja cha akina mama kikikaribia kuvunjika kwa sababu hiyo. Mkaguzi wa hesabu aliandika, "Transport costs crept up." Katibu akafungua kamusi ndogo, akapata "nyemelea", akawasomea wanachama kwamba pesa za usafiri zilinyemelewa. Macho yote kwa mweka hazina! Mama wa watu akaambiwa arudishe ufunguo wa sanduku. Kumbe mkaguzi alisema nauli imepanda kidogo kidogo, leo shilingi tano, baadaye shilingi kumi, na hakuna aliyekaa chini akajumlisha. Ilibidi risiti zisomwe moja moja mbele ya mkutano, na zote zilikuwepo. Basi kinachotakiwa hapo ni kurekebisha bajeti, si kumtoa mtu kwa kiti. (Mkaguzi naye angeandika kwa Kiswahili, tungefika nyumbani mapema.)

Wafugaji wa nguruwe mtalikuta neno hili kwenye gunia la chakula: "creep feed" au "creep pellets". Hicho ni chakula cha watoto wa nguruwe ambao bado wananyonya. Jina latokana na ile kona ya banda iliyozibwa kwa mbao au fito, ikaachwa nafasi ndogo ambayo mtoto anapenya na mama yake hawezi. Wengine hununua gunia, na bei yake mwaijua, halafu wanamwaga kwa hori la mama. Mama anakula chote! Tengenezeni kona kwanza. Watoto waonjeshwe wakiwa na siku 7 hadi 10, kiasi kidogo tu, mara kadhaa kwa siku, na kinachobaki kiondolewe kabla hakijachacha. Hivyo tumbo huzoea chakula kigumu kabla hawajaachishwa kunyonya. Kona hiyo ikitandikwa majani makavu na kuwa na joto, watoto watapenda kulala humo, na wachache watalaliwa na mama yao.

Kwa wale wa milimani, ofisa wa kilimo huenda akataja "soil creep". Huo ni udongo wa mteremko unaoshuka, pengine milimita chache tu kwa mwaka. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea, na kila mara unateremka kidogo. Hutauona ukienda, utaona nguzo za ua zimeinama kuelekea bondeni na miti imepinda karibu na mizizi. Usichanganye na maporomoko, kama yale ya Pokot Magharibi yaliyoua makumi ya watu Novemba 2019. Lakini mkiona nyufa mpya ardhini upande wa juu wa nyumba wakati wa mvua, au maji ya matope yakitoka mahali pasipokuwa na chemchemi, msingoje mkutano wa kikundi. Hamisheni watu, na chifu aambiwe siku hiyo hiyo.