SOMO LA KIINGEREZA KWA MAKATIBU: MASWALI NA MAJIBU YAKE

Katibu wa chama cha msingi, awe Tarime au Mugumu, hufanya karibu kazi zake zote kwa Kiswahili: mikutano, daftari la wanachama na hesabu za mizani. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa pia kuwa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama. Hata hivyo, mnunuzi wa kahawa kutoka nje, au kampuni inayouza dawa na mbolea, huweza kuleta barua na mkataba wa Kiingereza. Katibu asiyejua kuuliza huishia kutia sahihi. Na kwa wengi wa wilaya hizi Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, na Kiswahili. Si ajabu desturi ya lugha moja kuhamia katika nyingine.

Kwa Kiswahili swali halihitaji kupindua maneno. "Mnunuzi amelipa" ni habari. Sauti ikipandishwa, au "je" ikitangulizwa, huwa swali. Kiingereza hudai mpangilio ubadilike. "The buyer has paid" huwa "Has the buyer paid?", yaani kitenzi kisaidizi hutangulia kiima. Pasipo na kisaidizi, huazimwa "do", "does" au "did", na kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la asili. "The lorry came yesterday" huwa "Did the lorry come yesterday?", wala si "Did the lorry came?", kwa kuwa "did" imekwisha kuubeba wakati uliopita.

Maneno kama "when", "where", "why" na "how much" hukaa mwanzoni: "When will the second payment come?" Katika barua ya heshima swali huwekwa ndani ya sentensi, na hapo mpangilio hurudi kuwa wa kawaida: "Please tell us when the second payment will come." Anayekosea hapa bado ataeleweka.

"Who" yataka uangalifu zaidi. "Who paid the society?" ni kuuliza nani alikilipa chama, "Who did the society pay?" ni kuuliza chama kilimlipa nani. Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa viambishi vya kitenzi, Kiingereza kwa "did" na mahali pa maneno tu. Akichanganya mawili hayo, katibu ataeleza fedha iliyoingia kana kwamba ilitoka.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika swali la kukanusha. Ichukuliwe kwamba mnunuzi anauliza kwa simu: "Haven't you received the money?" Fedha haijafika. Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa "Hamjapokea fedha?" hujibu "Ndiyo, hatujapokea", maana anakubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza hakiangalii maneno ya muulizaji, bali jambo lenyewe: likiwa limetendeka jibu ni "Yes", likiwa halijatendeka ni "No". Basi katibu anayejibu "Yes" kwa nia ya kulalamika amekiri, kwa neno moja, kwamba fedha za wanachama zimepokelewa. Jibu lililo sahihi ni "No, we haven't."

Ndivyo ilivyo pia kwa swali fupi linalofungwa mwishoni mwa habari: "You agreed to this price, didn't you?" Habari ya kukubali hufuatwa na swali la kukanusha, na ya kukanusha hufuatwa na la kukubali: "The coffee wasn't wet, was it?" Muulizaji wa namna hii amekwisha kuonyesha jibu analolitaka. Katibu mwenye shaka na aache "Yes" na "No", atamke sentensi nzima: "We have not received the money." Kisha aiandike katika barua na kuhifadhi nakala.

Zoezi. Habari hizi zigeuzwe kuwa maswali: "The driver signed the receipt." "The company will bring the bags on Monday." "They weigh the coffee here." Mwisho, mizani ya chama ni mbovu, na mgeni anauliza: "Isn't your scale correct?" Katibu ajibuje?