Dawa ya Wadudu Huishia Wapi Ndani ya Jaruba?

Wasomaji wetu wanaolima mpunga wametuuliza zaidi ya mara moja: tukishanyunyizia dawa jaruba lililojaa maji, je, dawa ile inaisha? Wengi wetu tumezoea kujibu kwamba maji huisafisha. Jibu hilo si sahihi.

Jaribu kwanza jambo moja. Kata kipande cha tope katika jaruba lililokaa na maji kwa wiki kadhaa. Juu utaona utando mwembamba wa kahawia, milimita chache tu. Chini yake tope ni la kijivu au jeusi, na pengine linanuka kama yai viza. Humo hewa imekwisha. Siku chache baada ya shamba kufurika, vijidudu vya udongo humaliza oksijeni, na vinavyobaki kazini ni vile viwezavyo kuishi bila hewa. Hivyo ndivyo huivunja sumu.

Mwaka 1966 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, huko Los Baños, Ufilipino, walionyesha kuwa dawa ya lindani hupotea haraka zaidi katika tope lenye vijidudu hai kuliko katika tope ambalo vijidudu vyake vimeuawa. Maji yalikuwamo kote kuwili.

Hata hivyo, dawa kuvunjika si lazima iwe salama. DDT ikikosa hewa hupoteza klorini moja na kuwa DDD, ambayo nayo ni sumu. DDD ilimwagwa katika ziwa Clear Lake, California, mwaka 1949, 1954 na 1957 ili kuua visubi. Ndege walao samaki wakafa kwa wingi.

Basi tufanyeje shambani? Usifungue maji mara tu baada ya kunyunyizia. Ukiyafungua, dawa hutoka kabla vijidudu havijaifanyia kazi, ikamfikia jirani wa chini anayechota maji ya kupikia, na watoto wanaovua kambale mferejini. Yazuie kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo. Kama lebo haisemi, muulize bwana shamba kabla ya kununua, si baada. Kagua na matuta: tundu moja la panya hutoa maji usiku kucha bila mtu kujua. Mabua tusiyachome, yakilimiwa udongoni ni chakula cha vijidudu hivyo. Na bomba la kunyunyizia lisioshwe mferejini, hata kama mfereji uko karibu na kisima kiko mbali.