Oskiloskopu ya Chogo Ikipotosha Picha

Oskiloskopu za zamani zina chogo kama zile TV za kizamani, na fundi wa Ngara au Biharamulo akipata moja haitupi. Picha yake ikipinda au kutetemeka, usikimbilie bisibisi. Mara nyingi nimekuta ugonjwa uko nje ya boksi, kwa hiyo mimi huanzia huko.

Pima soketi. Mtambo wa umeme wa Rusumo uliopo wilayani Ngara una megawati 80, na laini yake ya kilovolti 220 inakwenda Nyakanazi, Biharamulo. Hata hivyo, volti za soketi yako zinategemea urefu wa waya kutoka kwenye transfoma na mzigo wa majirani. Jioni, badala ya 230, testa inaweza kusoma 180. Hapo saketi ya kusawazisha umeme hushindwa, mstari ukatetema na picha ikabadilika ukubwa. Pima saa ileile picha inapoharibika. Asubuhi umeme umetulia na hautakwambia kitu.

Ondoa sumaku. Mstari ukiinama, sogeza mbali spika na transfoma zilizo mezani, maana sumaku hupindisha mwale wa elektroni. Ukibaki umeinama kidogo, hiyo ni sumaku ya dunia: unyooshe kwa skrubu iliyoandikwa ROTATION.

Kagua probu. Iweke kwenye ×10, kisha gusisha ncha yake kwenye CAL, panapotoka wimbi la mraba, kwa kawaida la kilohezi 1. Pembe zikiviringika au kuchongoka, zungusha skrubu ndogo ya probu taratibu mpaka zikae sawa.

Soma mawimbi. Mstari ukiwa na mawimbi ambayo hukuyaingiza, weka ingizo kwenye GND, muda milisekunde 5 kwa kila chumba (mraba uliochorwa kwenye kioo), na triga kwenye LINE. Yakisimama tuli, yanatoka kwenye umeme wa ukutani. Sasa hesabu vyumba. Wimbi moja likichukua vyumba 4, ni hezi 50: shuku transfoma iliyo karibu, au dayodi iliyokatika. Likichukua vyumba 2, ni hezi 100: kapasita kubwa za kuchuja umeme zimekauka. Ukizibadilisha, mikrofaradi ziwe zilezile na volti zisipungue.

Volti kubwa. Ukiongeza mwanga, picha ikavimba na kufifia, tatizo liko kwenye volti zinazoendesha kioo. Hata mashine ndogo ina karibu volti 2,000 humo, na kapasita hubaki na chaji baada ya kuzima. Chomoa waya, subiri, toa chaji kupitia rezista yenye mpini uliokingwa, mkono wa pili ukiwa mfukoni. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mpelekee fundi aliyezoea TV za chogo. Hatari ni ileile, na yeye anaijua.