Kukata Matawi Yaliyoangushwa na Dhoruba

Mwezi wa Aprili, 2024, mvua kubwa zilileta mafuriko Kitengela. Mvua za namna hiyo hulegeza mizizi katika udongo mweusi unaonata wa sehemu hizo za Kajiado, na upepo ukivuma, miti huanguka.

Fundi wa kazi hii hashiki msumeno kwanza, bali hutazama juu. Tawi likiwa limegusa waya wa umeme, yafaa watu wote wakae mbali mpaka watu wa Kenya Power wafike, hata kama waya waonekana umekufa.

Hatari nyingine haionekani upesi. Tawi lililobanwa likapindika kama upinde lina nguvu nyingi, na likikatwa kwa pigo moja hufyatuka, laweza kumvunja mtu taya. Fundi husimama mahali ambapo halitampiga, akaliparua kidogo kidogo upande wa ndani wa pindo mpaka nguvu yake iishe. Kazi hii haitaki haraka, ingawa mwenye nyumba amesimama mlangoni akinung'unika!

Matawi ya mgunga yenye miiba hufaa kwa ua wa boma. Majani yasitupwe mtaroni. Maji yakizuiwa huingia nyumbani.