Sindano katika Kiungo cha Taya Kilicholika

Mtu akiweka ncha ya kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha akafungua na kufunga kinywa, atahisi kichwa cha mfupa wa taya kikisogea chini ya ngozi. Hicho ndicho kiungo cha taya, na wengi hawakifikirii mpaka siku kinapoanza kuuma. Kwa kuwa kimepakana na sikio, na maumivu yake husambaa hadi kwenye meno ya nyuma, lawama huangukia pasipostahili: mgonjwa hutiwa dawa ya sikio, au hung'olewa gego lisilo na kosa lolote, na maumivu yakabaki palepale.

Ndani ya kiungo hicho mna kisahani laini kinachokigawa katika vyumba viwili, na utando unaotoa ute wa kulainisha mwendo. Chumba cha juu ndicho kikubwa, lakini hujaa kwa takribani mililita 1 tu ya maji. Kiungo kinapolika, gegedu linaloufunika mfupa huchakaa, ute hupungua ubora, na mfupa wenyewe huanza kubadilika umbo. Mgonjwa husikia mkwaruzo kama wa mchanga anapotafuna, taya hukakamaa asubuhi, na kinywa hakifunguki vema. Mtu mzima kwa kawaida hufungua kinywa milimita 40 au zaidi; anayeishia chini ya 35 ana kizuizi kinachostahili kuchunguzwa.

Matibabu hayaanzi na sindano. Huanza na vyakula laini (muhogo mkavu, miwa na mahindi ya kuchoma huwekwa kando kwa muda), kukanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, mazoezi ya taya chini ya mtaalamu, na dawa za kutuliza maumivu kwa kipimo cha daktari. Wengi hupata nafuu hapo.

Kwa wale wasiopata, hatua inayojulikana zaidi ni kuosha kiungo. Mwaka 1991, Nitzan, Dolwick na Martinez walieleza njia rahisi ya kuwatibu watu ambao vinywa vyao vilikuwa vimefungika ghafla: ganzi huchomwa, sindano mbili huingizwa katika chumba cha juu, maji safi ya chumvi au mfano wake huingia kwa moja na kutoka kwa nyingine. Maji hayo husafisha kemikali za uvimbe na kuachanisha sehemu zilizogandamana. Baadaye njia hiyo ilitumika pia kwa viungo vilivyolika, na ndiyo maana dawa nyingi za kiungo hiki hudungwa mwishoni mwa uoshaji.

Dawa zenyewe hazilingani. Kotikosteroidi hutuliza uvimbe haraka, lakini zikirudiwa mara kwa mara zinaweza kuharibu gegedu na mfupa ambao tayari ni dhaifu; kwa watoto tahadhari huwa kubwa zaidi, maana kichwa cha taya kingali kinakua. Asidi ya hayaluroniki ni kitu ambacho mwili hujitengenezea. Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934, si kutoka katika kiungo bali katika jicho la ng'ombe. Ikidungwa, hulainisha mwendo kwa muda, kisha mwili huivunjavunja. Ya tatu ni plazima yenye chembe sahani nyingi: damu ya mgonjwa mwenyewe huchotwa, huzungushwa kwa kasi katika mashine hadi itengane, na sehemu hiyo hurudishwa katika kiungo. Ugumu wake ni kwamba vituo havitayarishi kwa namna moja, hivyo matokeo ya hapa hayawezi kupimwa sawasawa na ya pale.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyothibitishwa kuotesha gegedu jipya. Ahadi ya aina hiyo ikitolewa kwa mgonjwa, ni ahadi isiyo na msingi, hasa pale anapotakiwa kulipia mfululizo wa sindano. Mwongozo wa kimataifa kuhusu maumivu sugu ya taya, uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2023, uliweka mbele mazoezi, kunyoosha taya kwa msaada wa mtaalamu na tiba ya kisaikolojia ya kukabiliana na maumivu. Kuosha kiungo, hayaluroniki na kotikosteroidi uliziweka miongoni mwa zisizopendekezwa kwa kawaida, ingawa haukuzifungia mlango kabisa. Ipo pia sababu nyingine ya kusubiri: maumivu ya kiungo kilicholika mara nyingi hupoa yenyewe kadiri muda unavyopita, hata kama picha ya eksirei inaonyesha mfupa uliobadilika. Sindano iliyochomwa wakati huo hupewa sifa ambayo huenda si yake.

Anayechomwa, baada ya kushauriana na mtaalamu wa upasuaji wa kinywa na uso, ategemee shavu kuvimba kwa siku moja au mbili. Kope la upande huo laweza kushindwa kufumba kwa saa chache, kwa kuwa ganzi hufikia mshipa wa fahamu wa uso; jicho hukingwa hadi ganzi iishe. Homa, maumivu yanayozidi au usaha ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.